Kitabu cha Kuapia cha Mlingotini

Neema, wewe na wenzako wa chumba cha kutengenezea vitabu hapo maktabani mmeniomba niandike niliyoyajua kabla sijayasahau. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu mlinikuta nimekaa barazani sina la kufanya, nikakosa uongo wa kusema. Basi haya, chukueni. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, maana nilipandishwa mara moja tu, na cheo chenyewe kilikuwa ufunguo wa kabati la gundi. Nitaandika kazi.

Kazi hii niliipata kwa sababu ya udhu. Mnacheka, lakini ndivyo. Bagamoyo ya wakati ule ilikuwa na fundi mmoja tu wa kujalidi vitabu, Bwana Jayanti, Mhindi wa dini ya Kihindu. Alijalidi kila kitu: daftari za maduka, vitabu vya nyimbo vya Wakristo, na misahafu ya misikitini iliyochanika. Kwenye misahafu ndiko alikokwama. Yeye si Mwislamu, wenye misahafu ni Waislamu, na hakutaka siku moja mtu aje amwulize kwa nini ameshika kurasa zile. Kwa hiyo akatafuta mtu mwenye udhu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimehitimu madrasa, nina mikono myepesi. Nilifunua kurasa, nikazipanga, nikashona, naye amesimama kando mikono nyuma, ananielekeza kwa mdomo. Ufundi wote wa misahafu nilifundishwa na mtu ambaye hakuigusa. Ndiyo maana nanyi nawafundisha kwa maneno, mkalalamika kwamba Bi Mwanaidi hataki kuonyesha.

Kuna siku za mwezi ambazo mwanamke hashiki Msahafu. Mwezi wa kwanza nilikaa nyumbani siku tano, nikasingizia homa. Mwezi wa pili, homa tena. Mwezi wa tatu nilifika nikakuta mezani kwangu hakuna msahafu hata mmoja. Kuna daftari za duka na kitabu cha nyimbo cha Wakatoliki, na Bwana Jayanti kanipa mgongo anatazama barabarani.  Siku zilipokwisha misahafu ikarudi mezani, na ikawa hivyo kila mwezi kwa miaka yote niliyokuwa kwake. Mpaka leo sijui alihesabuje. Alikuwa na mabinti watatu, nadhani elimu aliipata huko.

Vifaa vyake ndivyo hivi mnavyovitumia: mfupa wa kukunjia karatasi, sindano nene, uzi uliopitishwa kwenye nta, na ule mbano wa mbao wenye skrubu mbili ambao kila mgeni hudhani ni wa kukamulia nazi. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa ngano, akatia shabu kidogo, ile ya kusafishia maji, ili mende wasifanye karamu. Msinunue gundi ya kopo kwa vitabu vya zamani. Ikikauka inavunjika, na fundi atakayekuja baada yenu atawatukana, tena kwa haki.

Kubwa alilonifundisha ni kusoma uzi. Kila mkono una mshono wake. Yuko anayevuta sana, yuko anayelegeza, yuko anayefunga fundo mara mbili kwa woga. Ukipokea kitabu cha zamani, kabla hujakata kitu, tazama kimepita mikono mingapi. Uzi usome, alisema, lakini maandishi yaache. "Sisi tunashona, binti. Ukisoma utakuwa na maoni, na mwenye maoni hashoni sawa." Nilikubali. Nilikuwa mdogo, sikujua kwamba ananikataza kitu ambacho ndicho kingeniweka kazini.

Bwana Jayanti alipozeeka akawafuata watoto wake Dar es Salaam, maktaba yetu ikachukua mbano wake pamoja na mimi. Katika barua ya makabidhiano mbano uliandikwa kwanza.

Huku maktabani ndiko nilikovunja sheria yake. Mwalimu mmoja aliyekuwa anahama alituachia maboksi manne ya vitabu: vya dini, vya mila na utamaduni, vya sinema, na vya watu waliokataa kutawaliwa na wageni. Mkuu wetu wa wakati ule hakujua avipange wapi, akavitia vyote katika kabati moja la ukutani. Wanafunzi wakaliita kabati la wabishi. Mimi kilichonivuta kwanza ni uchakavu. Vitabu vya dini vilichakaa pembe ya chini, pale msomaji anapopeleka kidole chenye mate. Vya utamaduni vilichakaa kwenye sura ya unyago na ndoa, kwingine vikabaki vipya kabisa. Vya sinema vilirudi na madirisha, watu wamekata picha kwa wembe. Vya kupinga ukoloni vilikaa mwaka mzima hakuna anayevigusa, ikifika wiki ya mdahalo wa shule vinarudi vimejaa mistari ya penseli. Nikataka kujua wanapigia nini mistari. Nikaanza kusoma wakati gundi inakauka, na kwa miaka sita nikalimaliza kabati zima.

Katika kitabu kimoja cha sinema nilikuta habari za magari ya sinema ya serikali ya Mwingereza. Gari linafika kijijini, linatandaza kitambaa cheupe, linaonyesha picha za kuwafunza watu kulima pamba na kulipa kodi. Pembeni anasimama mfasiri wa Kiafrika na kipaza sauti, anawaeleza watu kinachosemwa. Mwandishi alisikitika kwamba hakuna ajuaye wafasiri wale walisema nini hasa, kwa kuwa hakuna aliyewaandika. Sentensi hiyo ilinikaa. Nikaipigia mstari wa penseli, mimi mfanyakazi wa maktaba. Katika hilo msinifuate.

Sasa nifike kwenye kazi ngumu kuliko zote. Aliileta Bi Sikudhani wa Mlingotini, mwanamke wa rika langu, asubuhi moja, ndani ya kikapu. Kilikuwa kitabu kilichoshonewa ndani ya kitambaa cha bafta. Hakukubali kukiweka mezani mpaka nilipokwenda kutawadha, tena akanifuata mpaka bombani kuona kama natawadha kweli. Mchwa walikuwa wameingia upande wa mgongo. Alitaka kishonwe upya, upesi.

Nilimwuliza ni kitabu gani, kwa ajili ya kazi tu. Akasema ni cha babu yake mzaa mama, Mwalimu Shomari, aliyekuwa akisomesha madrasa, na amekiandika kwa mkono wake. Alipokaribia kufa alimwita binti yake, Bi Zaituni, ambaye ndiye mama yake Sikudhani. Akamwusia kwamba asikifungue, asimwonyeshe mtu, na kisifike kamwe mikononi mwa serikali. Bi Zaituni akakishonea bafta, akakitundika juu ya mlango. Tangu hapo ukoo mzima unaapa kwa kitabu hicho. Na si ukoo peke yake, watu walitoka hata Kaole. Sikudhani alinieleza kwa nini wanakipendelea kuliko Msahafu. Msahafu ni maneno ya Mwenyezi Mungu, naye ni mwingi wa rehema, mwongo anaweza kupewa muda. Kitabu cha Babu hakina subira.

"Mimi mwenyewe, dada, ni mtoto wa kitabu hiki," akasema. Baba yake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Aliporudi akakuta mtoto, na mama mkwe akahesabu miezi kwa vidole, haikumridhisha. Bi Zaituni akatoka mbele ya watu, akaweka mkono juu ya kitabu cha baba yake, akaapa kwamba mtoto ni wa mumewe. Maneno yakaisha siku ile ile. Bila kitabu, alisema Sikudhani, angeitwa mwanaharamu mpaka leo.

Halafu akanieleza la pili, na hili alilisema kwa sauti ndogo. Ana mdogo wake, Athumani. Miaka kumi na sita nyuma ilionekana karatasi yenye saini, kwamba ukoo umekubali kumpa mgeni mmoja shamba la minazi la pwani. Shamba lenyewe halikwenda, lakini watu walitaka kujua nani katia saini. Mzee Rajabu, mdogo wa marehemu baba yao, akamtaja Athumani. Athumani akakana. Wakashusha kitabu waje wamwapishe. Akarudi nyuma, akasema, "Leteni Msahafu nishike. Hicho sikishiki." Mama yake akamwuliza mbele ya watu kama kitabu cha babu yake hakimtoshi. Hakujibu. Kila mtu akajua kwamba ni yeye. Alitoka Mlingotini na mfuko mmoja, tangu siku ile yuko Chalinze anaziba pancha za malori.

Na sasa Bi Zaituni anaumwa, hainuki kitandani. Ameacha wosia kwamba siku atakapokufa Athumani asiguse jeneza lake, wala asishuke kaburini kumpokea, mpaka kwanza ashike kitabu aape. Ndiyo sababu ya haraka. Mama alikuwa anakitengenezesha kitabu ili kimsubiri mwanawe. Sikudhani alilia aliposema hivyo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaniuliza kitakuwa tayari lini.

Nilimpa wiki mbili. Alipoondoka nikafumua bafta, nikatazama uzi kama nilivyofundishwa. Nilikuta mikono miwili. Chini kulikuwa na uzi wa pamba, umevutwa sawasawa, mkono wa mtu mtulivu. Lakini sehemu kubwa ya mgongo ilikuwa imekatwa na kushonwa tena kwa uzi wa nailoni, ule wa nyavu, na mishono inapanda na kushuka, matundu hayakutani. Mtu ambaye si fundi alikifungua kitabu hiki baada ya mwenyewe kufa, akaogopa, akakifunga tena.

Basi hapo ningefanya nini? Nilifunua. Ukurasa wa kwanza Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kabisa. Chini yake kumsalia Mtume. Ukurasa wa pili dua ya safari. Nikasema naam, mtu yeyote angechungulia angeishia hapa na kufunika kwa adabu. Ukurasa wa tatu herufi ni zile zile za Kiarabu, lakini maneno ni Kiswahili. Kichwa cha habari: Mlingotini. Chini yake: Picha ya kwanza, Juma alipa kodi mapema. Nilivua miwani nikaifuta. Picha ya pili, askari wa Mfalme. Nikafunua mbele: Kaole, Vigwaza, Msata, Chalinze, kila mahali na picha zake.

Mwalimu Shomari alikuwa mfasiri wa gari la sinema. Na alikuwa akiandika kwa wino wa rangi mbili. Kwa wino mweusi aliandika maneno aliyopewa na Bwana Mkubwa, yule Mwingereza wa gari, ayaseme. Kwa wino mwekundu aliandika aliyoyasema.

Mweusi: Huyu ni Juma, amelipa kodi, tazameni alivyo na furaha. Mwekundu: Tazameni viatu vya Juma. Mwanzo wa picha hakuwa navyo. Nani kamvalisha, na picha ikiisha nani atamvua? Mweusi: Hawa ni askari wa Mfalme, wanalinda amani yenu. Mwekundu: Hesabuni farasi. Wote hao wanakula. Sasa mmejua nazi zenu zinakwenda wapi. Na pembeni ameandika kwamba Msata watu walicheka sana, Bwana Mkubwa naye akacheka pamoja nao, kwa kuwa alidhani wamefurahia farasi.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Nakiri nilikuwa na furaha kubwa kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Mfasiri aliyekosekana kwenye kile kitabu cha kabatini alikuwa amejiandika mwenyewe, na alikuwa mikononi mwangu. Nakiri pia kwamba nilikitaka. Nilishaona mahali pake kwenye kabati la wabishi, rafu ya pili, na mimi nimesimama kando napokea wageni. Mtu mzima, lakini tamaa haina umri.

Kisha nikafika kwenye penseli. Pale penye viatu vya Juma, ukingoni, kulikuwa na mwandiko wa mtoto kwa herufi za shule: Babu, leo kutwa nzima nimetazama viatu vya watu. Athumani, darasa la saba.

Furaha ikaniishia hapo hapo. Athumani alijua. Alikuwa mtoto mdadisi aliyefumua kitabu cha juu ya mlango, akakisoma, akakishona kwa uzi wa nyavu. Alipokuja kuitwa aape, akiwa sasa mtu mzima, asingeweza kuapa kwa daftari la sinema kana kwamba ni kitu kitakatifu, maana alikuwa na dini yake. Aliomba Msahafu. Na hakuweza kusema kwa nini, kwa sababu siku angesema kitabu hiki si kitu, kiapo cha mama yake nacho kisingekuwa kitu. Miezi ingehesabiwa upya kwa vidole, na dada yake angepata lile jina. Akaona heri aitwe msaliti yeye.

Sikushona siku tatu. Gundi iliniganda kwenye chungu. Nilijiambia mambo mawili, na yote yalikuwa na haki. La kwanza, fundi arudishe kitabu kilivyokuja, pamoja na siri yake, maana si chake. La pili, mwanamke atakufa akimdhania mwanawe vibaya, na mwanawe atasimama mbali wakati wengine wanamzika mama yake, na mimi ninayejua nitakuwa nimekaa hapa nanusa shabu. Siku ya nne nilikishona, mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kushona, kisha nikakipeleka Mlingotini mwenyewe.

Nilimkuta Bi Zaituni amelala, mwembamba, macho makali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akapapasa mgongo wa kitabu kwa kidole akasema kazi safi. Nilisubiri Sikudhani aende jikoni. Nikamwambia nina neno, na akitaka nisiliseme nitanyamaza milele. Akasema wagonjwa hawapendi mafumbo. Nikafungua ukurasa niliokuwa nimeuchagua, nikamsomea maneno ya pembeni, taratibu: Zaituni kalala mstari wa mbele, kichwa juu ya mguu wa mama yake. Hapa nisipaze sauti.

Alinyoosha kidole akaugusa mstari ule. Kisha akasema anakumbuka kitambaa cheupe, na sauti ya baba yake ikitoka kwenye kipaza sauti, na kwamba alikuwa akijitahidi asilale na kila mara alilala. Hakuniuliza kama nina hakika. Aliniomba nimsomee zaidi, nikamsomea viatu, nikamsomea farasi. Kwenye farasi alicheka kidogo. Baada ya hapo nikamsomea penseli.

"Alikuwa darasa la saba," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi miaka yote hii alikuwa ananinyamazia mimi."

Aligeuka ukutani akalia. Sikumgusa, kwa kuwa sikujua kama nimempa kitu au nimemnyang'anya. Alipogeuka tena alikuwa ameshaamua. Akaniagiza nimfuate Athumani Chalinze, nimlete Ijumaa baada ya sala, na Sikudhani nisimwambie lolote. Mwenyewe atasema.

Nilimkuta Athumani amelala chini ya lori, miguu nje. Akatoka, mikono myeusi kwa grisi, akaniamkia kwa heshima, akadhani nimetumwa kumwambia kuna msiba. Nilipomwambia kwamba mama yake ameshajua habari za kitabu, nilitegemea atafurahi. Alikaa juu ya tairi. Akaniuliza nani kamwambia. Nikasema ni mimi.

"Miaka kumi na sita nimekaa hapa ili asijue," akasema. "Wewe umekaa nacho siku chache tu."

 Neema, ukiniuliza mahali pabaya kabisa nilipowahi kusimama kikazi, si ofisini kwa mkuu, ni pale, kwenye vumbi la Chalinze, mbele ya mtu ambaye nimemharibia kazi yake. Nilimwambia tu kwamba mama yake amemwita, na mama hajui kusubiri. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga mara tatu, akaenda kuvaa shati.

Ijumaa ile watu walijaa barazani kwa Bi Zaituni, kwa sababu habari ilikuwa imezagaa kwamba kitabu kimetengenezwa na Athumani amekuja kuapa. Mzee Rajabu aliketi mbele, ndiye aliyebaki mkubwa wa upande wa mume. Walimtoa Bi Zaituni na kitanda chake. Athumani alisimama karibu na ngazi, hakuna aliyemkaribisha kukaa. Sikudhani alinitazama mara moja, akiwa ameridhika kwamba kitabu kimependeza. Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Zaituni alikiweka kitabu juu ya magoti. Akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa waliokaa nje kwamba hiki si kitabu cha dua. Ni cha sinema, cha kazi ya baba yake kwenye gari la Mwingereza, na humo alikuwa akiwaambia watu wasidanganyike. Alikificha kwa sababu angefungwa. Athumani alikijua tangu utoto, ndiyo maana hakukishika, na kila mtu alisikia kwamba aliomba Msahafu, na mama yake mzazi ndiye aliyemkatalia.

Nilimwona Sikudhani anaanza kuelewa. Alikamata nguzo ya baraza.

"Mimi niliapa kwa kitabu hiki nikiwa na mtoto mchanga mkononi," akasema Bi Zaituni. "Kama kiapo changu kimevunjika leo, nimekivunja mwenyewe, si mwanangu. Niliyoyasema siku ile yalikuwa kweli. Anayetaka aende akalete Msahafu sasa hivi, niape upya, maana nina udhu."

Hakuna aliyeinuka. Watu walimtazama Mzee Rajabu, kwa kuwa mama yake ndiye aliyehesabu ile miezi, na wengi walijua kwamba yeye naye, kijana wa wakati ule, alikaa kando anamsaidia kuhesabu. Mzee alimtazama Sikudhani kwa muda, mwanamke mwenye wajukuu, uso wote wa kaka yake. Akasema, "Shemeji, uliapa mara moja. Yatosha." Kisha akasogea kwenye mkeka, akamwonyesha Athumani mahali pa kukaa.

Sikudhani alikwenda akamshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili, akalia kwa sauti, akimwomba radhi kwa majina yote aliyomwita.  Athumani alikuwa anamtazama mama yake kana kwamba anamkagua aone ameumia wapi.

Aliyetia saini karatasi ile ya shamba hajajulikana. Wapo wanaojua, wamenyamaza, na mimi udadisi wangu haukufika huko. Kitabu hakikuja maktabani. Niliomba mara moja, Bi Zaituni akasema baba yake alikataza kisifike serikalini, na maktaba ina bendera mlangoni. Kiko kwa Sikudhani, wajukuu wanakisoma, na nyinyi mkitaka kukiona nendeni kwa adabu, mwulizeni. Watu wa Mlingotini siku hizi wanaapa kwa Msahafu, na nasikia kesi zimepungua.

Mnaniuliza kila mara kama fundi asome au asisome. Bwana Jayanti alikuwa na jibu, mimi sina. Ninachojua ni kwamba wakati ule nilishona sawa, na maoni nilikuwa nayo tele.

Bi Zaituni alifariki kabla ya Ramadhani iliyofuata. Sisi wanawake hatufiki makaburini, kwa hiyo haya kanisimulia mume wangu, aliyekuwepo. Athumani alibeba jeneza tangu mlangoni, hakukubali mtu ampokee. Alishuka kaburini, akampokea mama yake, akamlaza, akafungua vifundo vya sanda mwenyewe. Alipopanda juu, udongo umemjaa magotini na mikononi, hakuna mtu aliyemwuliza kitu.